Makumbusho ya Te Papa: Vitu na Wenyewe

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamekwisha kusikia habari za New Zealand kwa ajili ya kondoo wake, siagi yake na wachezaji wake wa raga. Yafaa leo zielezwe habari za nyumba yake ya makumbusho, maana ni nyumba ambayo mkulima hawezi kutoka ndani yake, wala karani, bila kupata jambo la kuzungumza nyumbani. Yaitwa Te Papa Tongarewa, na maana ya jina hilo katika lugha ya Kimaori ni kama kusema kasha la kuwekea vitu vya thamani. Watu hulifupisha wakasema Te Papa tu. Imesimama kando ya bandari katika mji mkuu wa Wellington, ina orofa sita, na ilifunguliwa tarehe 14 Februari 1998 baada ya kutumiwa dola za nchi ile kiasi cha milioni 300. Ndani yake zimekusanywa kazi za sanaa, mali za kale za Wamaori, vitu vya watu wa visiwa vya Pasifiki, viumbe vya nchi kavu na vya baharini, na habari za Wazungu waliohamia huko. Mgeni akizunguka humo muda wa saa mbili tatu, huanza kuona kwamba swali moja lamfuata kutoka chumba hata chumba: vitu hivi ni vya nani, na vilifikaje hapa?

Jengo ni jipya, lakini makumbusho yenyewe ni ya zamani. Yalianzishwa mwaka 1865 kwa jina la Makumbusho ya Koloni, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Bwana James Hector, mjuzi wa elimu ya miamba. Mwaka 1907 nchi ilipopata cheo cha Dominioni, makumbusho nayo yakabadilishwa jina, na mwaka 1936 yakahamia katika jengo kubwa mtaa wa Buckle Street. Mabwana wa siku zile walikusanya mali za watu kama mtoto akusanyavyo vipepeo: kitu kikishikwa, huandikwa namba, kikatiwa ndani ya kioo, na habari yake ikawa imekwisha. Mwenye kitu hakuulizwa neno. Desturi hiyo haikuwa ya New Zealand peke yake, wala haikuishia huko.

Sheria ya mwaka 1992 ndiyo iliyoyaunganisha makumbusho ya taifa na nyumba ya taifa ya picha, yakawa kitu kimoja, na ikaagiza kwamba hazina hiyo iwe ya jamii zote za nchi. Kwa hiyo Te Papa ina wakubwa wawili. Mmoja ni mkurugenzi mwenye kusimamia fedha na kazi zote. Wa pili ni Mmaori, na cheo chake ni kaihautū, neno ambalo zamani lilikuwa jina la yule asimamaye ndani ya mtumbwi na kuwatolea wapiga makasia mwendo ili wavute pamoja. Msomaji aweza kudhani kwamba wakubwa wawili katika ofisi moja ni njia ya kuleta ugomvi. Lakini mtumbwi wenye watu sabini wasio na mtu wa kuwatolea mwendo ni ugomvi mkubwa zaidi.

Kabla ya kupanda juu, inafaa mgeni ashuke kwanza chini ya jengo. Wellington ni mji wa matetemeko ya nchi, na mahali penyewe palipojengwa Te Papa hapakuwa nchi kavu tangu asili. Ni bahari iliyojazwa mawe na udongo. Ili kupata nafasi, hoteli moja iliyokuwa imesimama pale ilinyanyuliwa nzima mwaka 1993, ikawekwa juu ya reli, ikavutwa mpaka ng'ambo ya barabara, nayo ikaendelea kupokea wageni. Jengo la makumbusho halikukazwa moja kwa moja katika msingi wake. Limelazwa juu ya matakia makubwa ya mpira na chuma yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, na katikati ya kila takia mna nguzo ya risasi. Nchi ikitikisika, mpira hujinyonga na risasi hunywa nguvu za mtikisiko, na jengo lililo juu hupata sehemu ndogo tu ya msukosuko. Aliyebuni takia hilo ni mtaalamu wa New Zealand, Bwana Bill Robinson, katika miaka ya 1970, na sasa hutumiwa katika nchi nyingine zenye matetemeko. Tarehe 14 Novemba 2016 tetemeko la Kaikōura liliharibu majengo kadhaa ya Wellington, mengine hata ikabidi yabomolewe. Te Papa ikasimama.

Orofa ya viumbe ndiyo wapendayo watoto. Humo mna ngisi mkubwa mno, aliyenaswa na wavuvi katika Bahari ya Ross karibu na Ncha ya Kusini mwezi wa Februari 1907 na miaka mia juu yake, yaani mwaka 2007. Uzito wake ulikuwa kilo 495, na amelazwa ndani ya tangi la kioo kama maiti ya mfalme. Kadhalika imo mifupa ya farasi aitwaye Phar Lap, aliyezaliwa New Zealand mwaka 1926, akashinda mbio kubwa za Melbourne mwaka 1930, akafa huko California mwaka 1932. Watu wa Australia nao walimdai kuwa wao, maana ndiko alikoshindia. Basi ngozi yake imewekwa Melbourne, moyo wake Canberra, na mifupa yake Wellington. Farasi mmoja, makumbusho matatu! Jambo hilo huwachekesha wageni, lakini mzee mwenye busara akilitazama atasema kwamba hata farasi aliyekufa ana wenyewe, nao hawakubali kuachiana.

Katika orofa nyingine mna ukumbi mrefu wenye karatasi mbili zilizokuzwa hata zikawa kubwa kama ukuta wa nyumba, zikitazamana. Ni maneno ya Mkataba wa Waitangi, uliotiwa sahihi kwanza tarehe 6 Februari 1840 kati ya mjumbe wa Malkia Victoria na wakuu wa Wamaori. Upande mmoja umeandikwa Kiingereza, upande wa pili Kimaori. Asomaye lugha zote mbili hugundua upesi kwamba hazisemi jambo moja. Kiingereza chasema wakuu walimpa Malkia enzi yote ya nchi. Kimaori chasema walimpa kāwanatanga. Neno hilo limetokana na kāwana, nalo ni neno lile lile la Kiingereza ambalo katika Kiswahili limekuwa gavana. Kwa hiyo maana yake ni kazi ya ugavana, kuweka amani na sheria. Na Kimaori chaongeza kwamba wakuu watabaki na mamlaka kamili juu ya ardhi zao, vijiji vyao na mali zao zote za thamani.

Aliyetafsiri ni mmisionari, Bwana Henry Williams, pamoja na mwanawe Edward, nao walifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja tu, tarehe 4 Februari. Wakuu zaidi ya 500 walitia sahihi au alama katika karatasi za Kimaori. Waliotia katika karatasi ya Kiingereza ni 39. Kisha, kwa miaka mingi, serikali ikaitawala nchi kwa maana ya Kiingereza. Mwezi wa Desemba 2023 kikundi cha watu waliokuwa wakipinga jambo hilo kilishuka kwa kamba mbele ya ukuta ule wa Kiingereza, kikaupaka rangi nyeusi, kikayafuta maneno mengi, na polisi wakawakamata. Walisema si haki kuonyesha maandiko mawili kana kwamba ni sawasawa. Kuharibu mali ya umma hakuwezi kusifiwa. Hata hivyo, karani yeyote aliyewahi kupewa barua ya shauri la shamba ili aitafsiri, tena upesi, huku bwana akimngoja, anajua jinsi neno moja liwezavyo kuchukua ekari nyingi.

Kutoka hapo mgeni hufika kwenye marae. Marae ni uwanja wa baraza wa Wamaori, pamoja na nyumba ya mikutano iliyo mbele yake, na kila ukoo una wake. Marae ya Te Papa yaitwa Rongomaraeroa, na nyumba yake Te Hono ki Hawaiki. Kazi ya kuichonga na kuipamba iliongozwa na Bwana Cliff Whiting, msanii mashuhuri, ambaye pia alikuwa kaihautū wa kwanza. Haifanani na nyumba za kale. Mbao zake ni za kiwandani, na rangi zake ni kali, za buluu, kijani, manjano na zambarau, hata wazee wengine hapo kwanza walitikisa kichwa. Lakini sababu yake ilikuwa wazi: baraza hili lilikusudiwa kuwa la watu wote wa nchi, wenyeji na waliohamia, kwa hiyo halikuweza kuvaa nguo za ukoo mmoja.

Wageni rasmi wakija hupokewa kwa adabu za Kimaori. Hawaingii ovyo. Husimama mbali kwanza, mpaka mwanamke wa upande wa wenyeji apaze sauti ya kuwaita, na mwanamke wa upande wa wageni aitikie. Ndipo wasogee polepole, kimya, wakiwakumbuka wafu wa pande zote mbili. Baadaye huja hotuba, na baada ya kila hotuba wimbo, kisha watu hugusana pua na paji la uso, na mwisho huliwa chakula. Mtu wa pwani yetu, aliyezoea kupiga hodi na kungoja karibu, hataona shida kuelewa kwamba mlango wa mtu una heshima yake.

Tena Te Papa huwaalika koo za Wamaori, kila mmoja kwa zamu yake ya miaka kadhaa, waje wapange maonyesho yao wenyewe kwa maneno yao wenyewe, na wazee wa ukoo huo hukaa hapo hapo katika makumbusho, wakiangalia mali zao na kuwapokea wageni. Mwaka 2017 ilifika zamu ya ukoo wa Rongowhakaata, wa pwani ya mashariki karibu na mji wa Gisborne. Ukoo huo ulikuwa na shauri kubwa kuliko mwingine wowote, maana nyumba yao yenyewe imo ndani ya makumbusho.

Nyumba hiyo ni Te Hau ki Tūranga. Ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1840 na mkuu aitwaye Raharuhi Rukupō, fundi wa kuchonga asiye na mfano, kwa ukumbusho wa ndugu yake aliyekufa. Ni nyumba ndefu ya baraza, na hakuna nyumba ya namna yake iliyobaki yenye michongo kamili iliyo ya zamani kuliko hiyo. Kila nguzo ya ukutani ni mtu: babu wa ukoo, macho yake yaking'aa kwa gamba la kombe, ulimi nje, mikono juu ya tumbo. Mafundi walitumia patasi za chuma, ambazo wakati ule zilikuwa ngeni kwao, na ukitazama vizuri utaona jinsi walivyofurahia ukali wake. Mistari ni myembamba na yenye kina, haikusita mahali. Juu, boriti zimepakwa mafumbo ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Baina ya nguzo na nguzo mna mikeka iliyosukwa na wanawake. Kwa Wamaori nyumba kama hiyo ni mwili wa babu: boriti ya katikati ni uti wa mgongo wake, na makombamoyo ni mbavu. Watu wakiingia, wameingia katika kifua cha mzee wao.

Mwaka 1867, wakati wa vita na fitina katika sehemu ile, waziri aliyesimamia mambo ya wenyeji, Bwana J. C. Richmond, aliamuru nyumba hiyo ichukuliwe. Ikabomolewa, ikapakiwa katika meli ya serikali, ikapelekwa Wellington kuwekwa katika Makumbusho ya Koloni. Waziri alidai kwamba aliokoa kitu kizuri kisipotee. Lakini mwaka ule ule Rukupō, pamoja na wenzake, alipeleka malalamiko mbele ya Bunge kwamba nyumba yao imeondolewa bila idhini yao. Haikurudishwa. Rukupō akafa mwaka 1873, na nyumba ya ndugu yake iko mbali.

Ikasimamishwa katika mji, ikakatwa na kuongezwa ili ienee mahali ilipowekwa. Katika miaka ya 1930 Bwana Āpirana Ngata, Mmaori aliyekuwa waziri na mpenzi mkubwa wa sanaa za watu wake, aliwakusanya mafundi wa kuchonga na wasukaji, wakaitengeneza upya kwa ajili ya jengo la Buckle Street. Vizazi vya watoto wa shule wa Wellington wakapita ndani yake, wakiisifu, wakidhani ni mali ya makumbusho kama vile viti na makabati. Wazee wa Rongowhakaata nao walikuja mara kwa mara, wakalia, wakarudi kwao.

Shauri likachukua miaka 145. Mwaka 1975 serikali iliunda Baraza la Waitangi la kusikiliza madai ya Wamaori juu ya kuvunjwa kwa mkataba, na madai ya nyumba hii yalikuwa miongoni mwa yale yaliyopelekwa huko. Mwisho wake ni sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2012, ambayo ndani yake serikali iliomba radhi kwa ukoo, na nyumba ikatangazwa kuwa ni mali ya Rongowhakaata. Jambo la kushangaza ni kwamba siku sheria ilipopita nyumba haikusogea hata unchi moja. Iliendelea kusimama mahali pake katika Te Papa, kwa kuwa mbao za umri ule haziwezi kung'olewa kwa haraka, na huko nyumbani yapasa pawepo mahali pa kuisimamisha. Kitu kilichobadilika hakionekani kwa macho: tangu siku ile makumbusho ndiyo mgeni, na wazee ndio wenye nyumba. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika shamba la mwingine, na baadaye akapewa hati yake, anajua tofauti hiyo, ingawa migomba ni ile ile.

Sehemu ya visiwa vya Pasifiki ina raha yake. Wamaori walifika New Zealand kwa mitumbwi mikubwa yapata miaka 700 iliyopita, wakitoka visiwa vya mashariki vya bahari ile, na lugha zao zote ni za jamaa moja, iliyotapakaa hata kufikia Madagaska. Tano kwa Kimaori ni rima, kwa Kihawaii lima, na kwa Kimalagasi dimy. Wataalamu wengi husema kwamba hata ile ngalawa ya pwani yetu, yenye mirengu miwili ubavuni ya kuizuia isipinduke, iliigwa kutoka kwa mabaharia wa jamaa hiyo. Kwa hiyo mvuvi wa Msambweni akisimama mbele ya mitumbwi ya Pasifiki hatakuwa mgeni kabisa.

Humo pia mna ng'ombe dume mkubwa wa mabati, aliyetengenezwa mwaka 1994 na msanii Michel Tuffery, ambaye asili yake ni ya visiwani. Ngozi yote ya dume huyo ni mikebe ya nyama iliyopondwapondwa ikashikanishwa, na chapa za viwanda zaonekana mgongoni na mapajani. Jina lake ni Pisupo. Wasamoa waliletewa mikebe ya kwanza ikiwa na mchuzi wa njegere, nao jina la Kiingereza la mchuzi huo wakalitamka pisupo. Baadaye mikebe ilipoletwa yenye nyama, jina likabaki lile lile. Leo katika visiwa vile mkebe wa nyama hupelekwa arusini na matangani, mahali ambapo zamani walipeleka samaki na mazao ya shamba. Dume hachekeshi tu. Mkulima atamzunguka mara mbili, naye atajiuliza ni nani anayelisha na nani anayelishwa.

Karibu na hapo lilikuwako kwa zaidi ya miaka mia joho moja, nalo sasa haliko. Tarehe 26 Januari 1779, katika ghuba ya Kealakekua huko Hawaii, mkuu wa kisiwa aitwaye Kalaniʻōpuʻu alilivua joho lake mwilini akalitia mabegani mwa nahodha Mwingereza, James Cook, akampa na kofia yake. Lilikuwa la manyoya mekundu na ya manjano, na yakadiriwa kwamba ndege kiasi cha 20,000 walitoa manyoya yao ili lishonwe. Cook aliuawa pale pale siku chache baadaye, na joho likasafiri hata Uingereza, likapita mikononi mwa wakusanyaji, mpaka Bwana mkubwa mmoja, Lord St Oswald, alipolitoa zawadi kwa makumbusho ya Wellington mwaka 1912. Hapa hakuna wizi. Lilitolewa kwa hiari na mkuu, na kila aliyelipokea baadaye alilipata kwa njia halali. Makumbusho yangeweza kufunga mlango na kuonyesha hati.

Lakini watu wa Hawaii waliliomba, na mwezi wa Machi 2016 likachukuliwa kwa ndege hata Honolulu, likiwa la kuazimwa, likawekwa katika Makumbusho ya Bishop. Waliokwenda kulitazama waliimba na kulia. Mwaka 2020 Te Papa ikasema lisirudi tena. Liwe la watu wa Hawaii. Wako waliolaumu wakasema makumbusho yakianza hivyo yatabaki kuta tupu. Ukweli ni kwamba kuta za Te Papa hazikubaki tupu, na makumbusho mawili ambayo zamani yalijuana kwa barua tu sasa yana udugu.

Kuna chumba kimoja ambacho mgeni haonyeshwi, nacho labda ndicho kizito kuliko vyote. Zamani Wamaori walichora chale nyusoni, na mkuu akifa huenda kichwa chake kilikaushwa na kuhifadhiwa na jamaa zake kwa heshima. Wafanya biashara wa Kizungu wakaanza kuvinunua vichwa hivyo kwa bunduki, na biashara ikawa mbaya kiasi kwamba gavana wa New South Wales, Bwana Darling, aliikataza mwaka 1831. Hata hivyo vichwa vilikuwa vimekwisha kutawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Afisa mmoja wa jeshi la Kiingereza, Bwana Horatio Robley, alikusanya vingi, akataka kuiuzia serikali ya New Zealand, nayo ikakataa. Vingi vya vichwa hivyo vikanunuliwa na makumbusho ya New York mwaka 1907.

Tangu mwaka 2003 Te Papa imepewa na serikali kazi ya kuwatafuta wafu hao na kuwaleta nyumbani. Si kazi ya siku moja. Mji wa Rouen katika Ufaransa ulitaka kurudisha kichwa mwaka 2007, lakini wizara ya utamaduni ikauzuia, ikidai kwamba kilicho katika makumbusho ya Ufaransa ni mali ya taifa na hakiwezi kutolewa. Ikabidi Bunge la Ufaransa lipitishe sheria maalum mwaka 2010 kusema kwamba kichwa cha mtu ni kichwa cha mtu. Rouen wakakirudisha mwaka 2011, na mwezi wa Januari 2012 vingine vikakabidhiwa mjini Paris. Mwaka 2014 makumbusho ya New York nayo yakarudisha vichwa 35, pamoja na mifupa mingine. Wafikapo Wellington, hupokewa kwenye marae kwa kilio cha matanga, kisha huwekwa katika chumba chao. Hawapigwi picha. Huko wataalamu na wazee hutafuta kila mmoja alitoka ukoo gani, ili apelekwe akazikwe kwao. Wengine asili yao haijulikani bado, nao hungoja.

Msomaji wa Kilifi hatahitaji kuelezwa zaidi. Vigango vya Wagiriama, vile vibao vya kuchonga vinavyosimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa, viliibiwa kwa miaka mingi na kuuzwa Marekani. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, na vingine 30 vilivyotolewa na makumbusho ya Denver vikafika Nairobi mwaka 2019. Hivyo vya Denver havikuwa na maandishi ya kueleza kila kimoja kilitoka boma la nani, maana mwizi haandiki. Hapo ndipo kazi ile ya Wellington, ya kuwaketisha wataalamu na wazee pamoja juu ya meza moja, ingefaa kutazamwa kwa makini na wenye ofisi za kwetu.

Atakayejaliwa kufika Te Papa ajue kwamba hufunguliwa kila siku, isipokuwa siku ya Krismasi, tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Wenyeji wa New Zealand huingia bure. Mgeni wa kutoka nchi nyingine mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alianza kutozwa dola 35 za nchi ile mwezi wa Septemba 2024. Siku moja haitoshi. Afadhali apange siku mbili, na ile ya kwanza aanzie kwenye nyumba ya Rukupō asubuhi na mapema, kabla watoto wa shule hawajafika.